Hasan al-Basri: kwa nini kila kundi linasema ni wake?

#1 KalamuYaMwanzi (mleta uzi)

Assalaam alaykum wakuu.

Hasan al-Basri, Abu Said, alizaliwa Madina mwaka 21 Hijria, ukhalifa wa Umar ukiwa umebakiza miaka miwili. Baba yake Yasar alikuwa mateka kutoka Maysan, kusini mwa Iraki, kisha akaachwa huru. Mama yake Khayra alikuwa mtumishi wa Umm Salama, mke wa Mtume (s.a.w.). Alikufa Basra mwanzoni mwa Rajab 110, yaani Oktoba 728.

Sasa dai langu ni hili: katika taabiina wote (kizazi kilichowafuata maswahaba) hakuna anayegombaniwa kama yeye. Kwa Masunni ni imamu wa Basra. Muutazila (kundi la itikadi linaloshika hoja za akili na hiari ya mja) wamemwandika kwenye tabaka zao za wanazuoni. Watu wa twarika wanapitisha silsila (mlolongo wa mashekhe wao) kwake. Maibadhi wanamtaja kwa heshima kwa ajili ya urafiki wake na Jabir bin Zayd, wanayemhesabu mwanzo wa madhehebu yao. Makundi haya yamepigana kwa kalamu karne na karne, na kila moja linasema Hasan ni wetu.

Mimi naona chanzo ni kwamba hakuacha kitabu. Ibn Sa'd, katika waandishi wa mwanzo wa habari zake, amepokea kuwa alipokaribia kufa aliamuru maandishi yake yatiwe motoni isipokuwa karatasi moja. Yaliyobaki ni maneno vifuani mwa wanafunzi, na wanafunzi walitawanyika kila upande. Leteni hoja zenu.

#2 JahaziKuu

Waalaykum salaam. Kitabu ni sababu ndogo, mkuu. Utazame mji wenyewe.

Basra ilianza kama kambi ya jeshi zama za Umar. Ndani yake kulikuwa na makabila ya Kiarabu yenye visasi vya zamani, Waajemi waliosilimu, mabaharia wa Ghuba na mateka walioachwa huru kama baba yake Hasan. Vita vya Ngamia mwaka 36 vilipiganwa jirani na hapo. Makhawariji walikuwepo, wafuasi wa Uthman walikuwepo, na wapenzi wa Ali pia. Mtu akikaa kwenye msikiti wa mji kama huo miaka hamsini akifundisha, lazima kila kundi liwe na mtu wake kwenye halaka (duara la darsa).

Na tusimfanye mzee wa pembeni aliyezaliwa na tasbihi mkononi. Ujanani alikwenda jihadi ya mashariki na Abdul-Rahman bin Samura mpaka upande wa Kabul, na baadaye akawa karani wa Rabi' bin Ziyad, gavana wa Khurasan. Aliyajua makaratasi ya serikali na mgao wa ngawira kwa ndani. Alipowakemea watawala, alikuwa anakemea mambo aliyoyaona kwa macho yake.

#3 BintiWaMrima

Kabla hatujaenda mbali tuondoe visa viwili ambavyo kila Ramadhani vinarudi kwenye mawaidha.

Cha kwanza ni mabishano ya Hasan na Rabia al-Adawiyya, bibi mchamungu wa Basra: eti alitandika msala juu ya maji naye Rabia akatandika wake hewani, na visa vya posa. Rabia alikufa mwaka 185. Waandishi wengi wanaweka kuzaliwa kwake kati ya 95 na 99. Hasan anafariki 110, Rabia ni binti wa miaka kumi na kitu. Hakuna posa wala mashindano ya karama hapo.

Cha pili ni kwamba Hasan alikuwa mfanyabiashara wa vito, akaenda nchi ya Warumi, akaona hema la mwana wa mfalme aliyekufa, ndipo akaacha dunia. Hiki, kama kile cha misala, kinatoka kwa Attar wa Nishapur, aliyeishi zaidi ya miaka 400 baada ya Hasan. Waliomwandika mwanzo, kama Ibn Sa'd, hawana habari ya vito. Wana habari ya karani na mpiganaji, kama alivyosema JahaziKuu.

#4 MzeeWaBarza

Binti umetuharibia mawaidha ya mwezi mzima 😄

Lakini kisa cha Umm Salama kumnyonyesha usikiguse. Hicho kimo katika vitabu vya mwanzo: mama yake akitumwa haja, mtoto akilia, Umm Salama humtuliza kwa titi lake, na imesemwa maziwa yalitoka. Ndiyo maana watu walikuwa wakisema ufasaha wake ni baraka ya nyumba ile.

#5 BintiWaMrima

Sikigusi, mzee wangu. Ila tuseme "imepokewa", maana hata waliokiandika walikiandika hivyo. Kinachokubaliwa na wote ni kwamba alikulia karibu na nyumba za wakeze Mtume, na kwamba alihudhuria hotuba za Uthman msikitini akiwa kijana.

#6 FundiIsnadi

Mmepita mbali na penye mzizi. Sababu kubwa ya kugombaniwa ni namna alivyokuwa akipokea hadithi.

Hasan alikuwa na desturi ya kusema "Mtume wa Mwenyezi Mungu amesema" bila kutaja swahaba aliyemfikishia. Hiyo ndiyo mursali: taabii anaruka ngazi. Pia alikuwa na tadlisi, yaani anaweza kusema "kutoka kwa fulani" kwa mtu aliyekutana naye au aliyeishi zama zake, huku maneno hayo hakuyasikia kwake moja kwa moja. Ibn Hajar amemweka kwenye daraja la pili la watu wa tadlisi, wale ambao maimamu waliwavumilia kwa ukubwa wao.

Matokeo yake ni kwamba ukimwachia mtu nafasi tupu kwenye isnadi (mnyororo wa wapokezi), kila anayekuja anaijaza kwa jina analolipenda. Anayetaka Ali anamweka Ali. Anayetaka mwingine anaweka mwingine.

Na wakaguzi wenyewe hawakukubaliana. Ali bin al-Madini amesema mursali za Hasan zikipokewa na wanafunzi wake wa kutegemewa ni sahihi, chache sana zinazoanguka. Imam Ahmad akasema hakuna mursali dhaifu kuliko za Hasan na Ataa. Wawili hao waliishi zama moja na walijuana vizuri.

#7 Chipukizi_wa_Darsa

Fundi, kwa sisi tunaoanza: nikikutana na hadithi ina Hasan ndani, nifanye nini hasa?

#8 FundiIsnadi

Tazama tamko kwanza. Akisema "nimesikia" au "ametuhadithia", na njia ya kufika kwake ni safi, basi hapo pametulia. Akisema "kutoka kwa", usikimbilie kuhukumu, tafuta njia nyingine ya hadithi hiyo hiyo, huenda kuna sehemu alitamka kusikia.

Kisha mtazame swahaba. Kwa Anas bin Malik hakuna tabu, alimsikia. Kwa Abu Hurayra wakaguzi wengi wanasema hakumsikia, kwa hiyo ukiona "Hasan kutoka kwa Abu Hurayra" simama. Kwa Abu Bakra palikuwa na maneno, lakini Bukhari ameleta hadithi ya "mwanangu huyu ni bwana", aliyoisema Mtume juu ya mjukuu wake Hasan bin Ali, na humo Hasan al-Basri anasema "nimemsikia Abu Bakra". Bukhari akanukuu kutoka kwa Ibn al-Madini kwamba kwa hadithi hii ndipo kusikia kwake kulipothibiti.

Mwishowe mtazame mwanafunzi. Yunus bin Ubayd, Qatada na Humayd si sawa na Amr bin Ubayd, ambaye wakaguzi wamemwacha. Kosa la wengi ni kuona jina kubwa la Hasan wakadhani isnadi nzima imeshakuwa kubwa.

#9 MwanaTwarika

Salaam. Sasa naona mnaelekea kwetu, basi niseme mapema.

Silsila ya Qadiriyya, ile iliyoenezwa Unguja na mrima na Sheikh Uways wa Barawa (aliuawa 1909), ina njia mbili zinazokutana kwa Ma'ruf al-Karkhi. Njia moja inapanda kwa Imam Ali al-Rida na baba zake. Ya pili inapanda kwa Dawud al-Ta'i, Habib al-Ajami, Hasan al-Basri, kisha Ali. Wanaosema twarika zote zinaning'inia kwa Hasan peke yake hawajaisoma silsila mpaka mwisho.

Na juu ya Hasan na Ali ipo riwaya. Yunus bin Ubayd alimuuliza: unasema "Mtume amesema" na hukumdiriki? Akajibu: mwana wa ndugu yangu, umeniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza kabla yako, niko katika zama unazoziona (za al-Hajjaj, gavana mkali wa Bani Umayya huko Iraki), kila ulichonisikia nikisema "Mtume amesema" ni kutoka kwa Ali, ila siwezi kumtaja. FundiIsnadi, hapo nafasi tupu imejazwa na mwenyewe.

#10 FundiIsnadi

Riwaya hiyo naijua. Tatizo lake ni kwamba inagongana na wanazuoni waliomjua Hasan kwa undani zaidi. Abu Zur'a aliulizwa, akasema alimwona Ali Madina, kisha Ali akatoka kwenda Basra na Kufa, na hawakukutana tena. Akaulizwa kama alimsikia hadithi, akasema hapana. Tirmidhi naye alipoleta hadithi ya "kalamu imeinuliwa kwa watu watatu" kwa njia ya Hasan kutoka kwa Ali, akaandika kwamba hatujui Hasan kumsikia Ali.

#11 MwanaTwarika

Fanya hesabu ya umri. Alizaliwa 21. Ali aliondoka Madina mwaka 36. Kijana ana miaka 14 au 15. Mtoto huamrishwa swala akiwa na saba. Kwa hiyo miaka saba kijana huyu anaswali msikiti mmoja na Ali, mara tano kwa siku, na Ali anawatembelea Mama wa Waumini, na Hasan yumo nyumbani kwa Umm Salama. Hakusikia hata neno moja? Hii ni hoja ya Suyuti, aliyeandika risala nzima kuitetea khirka (vazi la twarika analovishwa mwanafunzi na shekhe wake), na akaleta isnadi yenye tamko "nimemsikia Ali" kwenye hadithi ya "mfano wa umma wangu ni mvua".

#12 JahaziKuu

Mkuu, umesahau kwamba imesemwa alikulia Wadi al-Qura, kaskazini ya Madina. Kwa hiyo hiyo miaka saba ya msikiti mmoja usiihesabu yote.

#13 MwanaTwarika

Na hotuba za Uthman alizihudhuria akiwa wapi? Alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba alimsikia Uthman mimbarini akiamuru mbwa wauawe na njiwa wachinjwe. Yule wa Wadi al-Qura hawezi kusikia hayo.

#14 FundiIsnadi

Ndiyo, Madina alikuwepo. Lakini kusikia sauti ya mtu swalani, kupokea hadithi kwake, na kuvishwa khirka ni mambo matatu. La kwanza nakupa bila ubishi. La pili linabishaniwa. La tatu Ibn al-Salah na Ibn Hajar wamelikataa. Suyuti amejenga uwezekano wa la kwanza na la pili, kisha wasomaji wakabeba la tatu juu yake.

#15 Mkaguzi_wa_Tarehe

Niingie kwenye kadari (makadirio ya Mwenyezi Mungu na hiari ya mja), maana ndipo Muutazila wanapomshikia.

Kuna risala inayosemwa Hasan alimwandikia Khalifa Abdul-Malik bin Marwan (65–86 Hijria). Khalifa anamuuliza: tumesikia unasema jambo juu ya kadari ambalo hatukulisikia kwa waliopita. Hasan anajibu kwa aya juu ya aya kwamba mja ana hiari, na kwamba Mwenyezi Mungu haamrishi uchafu kisha akauandika kwa nguvu. Hellmut Ritter aliichapisha mwaka 1933, na kwa miongo mingi ikachukuliwa kuwa maandishi ya kale kabisa ya ilmul-kalam (elimu ya hoja za itikadi). Kisha Michael Cook akaitilia shaka. Suleiman Mourad akaenda mbele zaidi, akasema ni kazi ya watu wa baadaye.

Tena shaka yenyewe ni ya zamani. Shahrastani, aliyekufa 548, ameitaja risala hiyo akasema huenda ni ya Wasil bin Ataa, anayehesabiwa mwanzilishi wa Muutazila.

#16 KalamuYaMwanzi

Shukrani. Hapo unaunga mkono dai langu: hakuacha kitabu, akaandikiwa.

#17 Mkaguzi_wa_Tarehe

Nusu tu. Maana hata bila risala, habari za kadari zimo kwa watu wake wa karibu. Ayyub al-Sakhtiyani, mwanafunzi mkubwa na adui wa Makadaria (wanaosema matendo ya mja ni kwa hiari yake), amepokewa akisema: nilijadiliana na Hasan juu ya kadari mara kwa mara mpaka nikamtishia kwa sultani, akasema sitarudi tena. Mtu hatishwi kwa jambo asilolisema.

Ayyub huyo huyo, katika Abu Dawud, anasema waliomsingizia Hasan ni aina mbili: watu wa kadari waliotaka kuiuza rai yao kwa jina lake, na watu wenye chuki moyoni waliosema "si alisema hivi, si alisema vile?" Kwa hiyo mpokezi mmoja anathibitisha asili ya jambo na anakanusha nyongeza. Wanaosema alikuwa Kadaria mpaka mwisho wanasoma habari ya kwanza. Wanaosema hakuwahi kusema neno wanasoma ya pili. Mimi nazisoma zote mbili.

#18 BintiWaMrima

Na Wasil? Kisa maarufu ni kwamba mtu alikuja kwenye halaka akauliza hukumu ya mwenye dhambi kubwa, Wasil akajibu kabla ya mwalimu: si muumini wala si kafiri, yuko daraja kati ya mbili. Akahamia nguzo nyingine ya msikiti, Hasan akasema "Wasil amejitenga nasi" (i'tazala), na hapo likatoka jina Muutazila.

Wasil alizaliwa mwaka 80. Hasan alipokufa, Wasil ana 30. Umri unakubali. Lakini riwaya nyingine zinamweka Amr bin Ubayd mahali pa Wasil, na nyingine zinasema aliyelitoa jina ni Qatada, baada ya Hasan kufa, alipoingia msikitini (alikuwa kipofu) akakaa kwenye halaka ya Amr akidhani ni ya Hasan, kisha akanyanyuka. Wengine wanalirudisha nyuma zaidi, kwa wale waliojitenga na pande zote mbili za vita vya Ngamia na Siffin.

Na hapo hapo kuna rai ya Hasan mwenyewe inayosahaulika: yeye alisema mwenye dhambi kubwa ni mnafiki. Si rai ya Makhawariji (wanaosema ni kafiri), si ya Murjia (wanaosema bado ni muumini), si ya Wasil. Hilo kundi gani linalidai leo?

#19 Nahodha_Mstaafu

Hakuna, na ndiyo maana naona uzi huu unazunguka. Mnatafuta sababu kwenye itikadi, na sababu iko kwenye siasa.

Mwaka 81 jemadari Ibn al-Ash'ath aliasi dhidi ya al-Hajjaj. Wasomi wengi wa Iraki wakatoka naye, akiwemo Said bin Jubayr. Hasan akawaambia: al-Hajjaj ni adhabu ya Mwenyezi Mungu, msiikabili adhabu ya Mwenyezi Mungu kwa panga zenu, shikeni unyenyekevu na dua. Watu wakamshauri Ibn al-Ash'ath: ukitaka watu wauawe mbele yako kama walivyouawa mbele ya ngamia wa Aisha, mtoe Hasan. Akatolewa kwa nguvu. Ibn Awn anasimulia alivyomwona kati ya madaraja mawili, kilemba cheusi kichwani. Walinzi walipozubaa akajitupa mtoni, akaokoka kwa shida.

Sasa hesabu: aliyepigana upande mmoja hudaiwa na upande huo tu. Aliyekataa panga, na akakataa pia kumsifu mtawala, anabaki wazi kwa wote.

#20 Chipukizi_wa_Darsa

Lakini si ndiyo kusema alikuwa mtu wa serikali?

#21 Nahodha_Mstaafu

Mtu wa serikali hajifichi. Hasan alijificha kwa miaka mingi akimkimbia al-Hajjaj, mpaka al-Hajjaj alipokufa mwaka 95, na Hasan akasujudu kwa shukrani. Zama za Yazid bin Abdul-Malik, gavana Umar bin Hubayra alimwita yeye na Sha'bi, akawauliza: khalifa ananiletea amri nyingine nisizoziridhia, nifanyeje? Sha'bi akajibu kwa ulaini. Hasan akamwambia: Ibn Hubayra, mche Mwenyezi Mungu juu ya Yazid wala usimche Yazid juu ya Mwenyezi Mungu, Mwenyezi Mungu atakukinga na Yazid, na Yazid hawezi kukukinga na Mwenyezi Mungu.

Na Yazid bin al-Muhallab alipoasi mwaka 101, Hasan aliwazuia tena watu wa Basra wasimfuate. Wakati huo huo alisema waziwazi kwamba Bani Umayya hawastahili kusifiwa. Kwangu mimi huu ndio msimamo mgumu kuliko yote: hupati ulinzi wa upande wowote.

#22 Mfuasi_wa_Nizwa

Nahodha umesema kweli, na kujificha huko kunaingia kwenye habari ya Jabir bin Zayd. Jabir, asili yake Firq karibu na Nizwa, alikuwa mufti wa Basra, na sisi Maibadhi twamhesabu mwanzo wa madhehebu. Alipokuwa anakata roho akaulizwa anatamani nini. Akasema: kumtazama Hasan. Thabit al-Bunani akaenda alikojificha Hasan, naye akatoka usiku, pamoja na hatari, akafika, akamwambia sema la ilaha illallah. Kwa kauli mashuhuri hii ilikuwa mwaka 93, wakati al-Hajjaj yungali hai.

Rai zao juu ya watawala zilifanana kwa sehemu kubwa, juu ya mapigano ya Waislamu zilikaribiana. Hatusemi Hasan alikuwa Ibadhi. Anayesema hivyo hajui vitabu vyetu.

#23 MzeeWaBarza

Mwenyezi Mungu akulipe, Mfuasi. Sasa turudi kwenye zuhudi yenyewe maana mmeandika siasa na kalam mpaka mtu amekuwa kama waziri. Watu wengi wanamvisha Hasan sufi iliyochakaa. Hakuwa hivyo.

Alivaa vizuri, na alikula nyama. Farqad al-Sabakhi alikuwa akivaa sufi ngumu, Hasan akamkemea yeye na wenziwe: wameficha kiburi nyoyoni, wakaonyesha unyenyekevu mavazini; mmoja wao anajivunia joho lake kuliko mwenye hariri. Akaambiwa kuna mtu hali faludhaji (tamtam ya ngano, samli na asali) kwa kuogopa hawezi kuishukuru. Akasema: na maji baridi anaweza kuyashukuru?

Zuhudi yake ilikuwa ya hesabu. Kabla ya tendo, simama kwenye nia: kama ni ya Mwenyezi Mungu endelea, kama si yake chelewa. Baada ya tendo, jihesabu. Anasema muumini ni msimamizi wa nafsi yake, na hesabu itakuwa nyepesi kesho kwa waliojihesabu leo. Na neno lake: "Mwanadamu, wewe ni siku tu, kila siku ikienda, sehemu yako imekwenda." Darasani kwake hofu ilitangulia tumaini. Kosa la wanaomnukuu ni kuchukua kilio wakaacha hesabu.

#24 Mkaguzi_wa_Tarehe

Mzee, kwenye zuhudi nako kuna mgogoro wa umiliki. Barua ya Hasan kwa Umar bin Abdul-Aziz, isemayo dunia ni kama nyoka, laini ukimgusa na sumu yake inaua, imo kwa Abu Nu'aym kwa jina la Hasan. Maneno hayo ya nyoka yamo katika Nahj al-Balagha (mkusanyo wa maneno ya Ali) kama barua ya Ali kwa Salman al-Farisi. Kuna wanaosema Hasan aliyapata kwa Ali, wengine kwamba jina kubwa zaidi liliyavuta. Uwezekano wa tatu ni kwamba wote wawili wanabeba methali ya Iraki iliyokuwa midomoni mwa watu.

#25 MwanaTwarika

La kwanza 😊

#26 Mama_wa_Watatu

Jamani mimi nimekuja kwa jambo moja. Hadithi ya akika tunayoambiwa, mtoto kuchinjiwa siku ya saba, imepitia kwa huyu Hasan? Na mbona wapo wanaosema lazima, wengine si lazima?

#27 FundiIsnadi

Imepitia kwake, dada, na ni mfano mzuri wa yote niliyosema. "Kila mtoto amewekwa rehani kwa akika yake, huchinjiwa siku ya saba, hunyolewa, na hupewa jina." Qatada, kutoka kwa Hasan, kutoka kwa Samura bin Jundub.

Je, Hasan alimsikia Samura? Ibn al-Madini, Bukhari na Tirmidhi: ndiyo. Nasai: hadithi hii ya akika peke yake. Shu'ba na Yahya bin Ma'in: hakumsikia kabisa. Kinachowapa nguvu wenye kauli ya kati ni kwamba Ibn Sirin alimtuma Habib bin al-Shahid akamuulize Hasan umeisikia kwa nani, akajibu: kwa Samura. Bukhari ameileta habari hiyo.

Sasa tazama kosa la herufi linavyozaa tendo. Hammam, katika wapokezi wa Qatada, alisema *yudamma* (hupakwa damu) badala ya *yusamma* (hupewa jina). Qatada akiulizwa damu inapakwaje, alieleza: chukua sufi ya mnyama, iweke penye mishipa inayotoka damu, kisha utosini mwa mtoto mpaka itiririke kama uzi, halafu aoshwe na kunyolewa. Abu Dawud akasema hilo ni kosa la Hammam, na kwamba "hupewa jina" ndilo sahihi. Kupaka damu kulikuwa kwa zama za ujahilia.

Juu ya hukumu: Hasan mwenyewe aliona akika ni wajibu, na akasema ambaye hakuchinjiwa ajichinjie akiwa mtu mzima. Pia yeye na Qatada wamepokewa wakisema binti hana akika. Wanazuoni walio wengi hawakumfuata katika mawili hayo. Kwa Mashafii ni sunna iliyotiliwa nguvu: mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana, kwa hadithi ya Umm Kurz, na nywele hupimwa uzito wake, ikatolewa sadaka ya fedha. Wanaochanganya ni wale wanaochukua hadithi ya Hasan pamoja na fatwa ya Hasan kama kitu kimoja.

#28 Mama_wa_Watatu

Ahsante sana, hapo nimeelewa.

#29 JahaziKuu

Kwa anayetaka kuzuru: kaburi haliko Basra ya leo. Basra ya kale ilikuwa upande wa az-Zubayr, kusini-magharibi ya mji wa sasa, na makaburi ya Hasan al-Basri yako huko. Jengo lake lina kuba ndefu iliyochongoka. Ibn Sirin yuko jirani naye. Alikufa siku mia moja baada yake, mwaka huo huo 110. Mazishi ya Hasan yalikuwa Ijumaa, na imepokewa kwamba watu wote walifuata jeneza hata msikitini hakukusaliwa jamaa ya alasiri.

Na kile kitabu cha tafsiri ya ndoto kinachouzwa kwa jina la Ibn Sirin si chake. Kuagua ndoto alijulikana nako. Kitabu ni cha watu wa karne nyingi baadaye.

#30 BintiWaMrima

Habari ya Hasan na usomaji wa Qur'ani haijaguswa. Jina lake limo kwenye visomo vinne vya ziada baada ya vile kumi vinavyokubaliwa, pamoja na Ibn Muhaysin, al-Yazidi na al-A'mash.

#31 Chipukizi_wa_Darsa

Kwa hiyo mtu anaweza kuswali kwa kisomo cha Hasan?

#32 FundiIsnadi

Hapana. Vile vinne ni shadhi, yaani havikufika daraja la mapokezi ya wengi. Vinatumika katika tafsiri na nahau, havisomwi katika swala. Mfano wake maarufu: alisoma *alhamdi lillahi*, dali ina kasra, ikifuata kasra ya lamu iliyo mbele yake. Ukisoma hivyo ndani ya Fatiha umetoka kwenye mutawatiri (kilichopokewa na wengi kwa wengi).

#33 BintiWaMrima

Lakini athari yake haikuishia kwenye shadhi. Hasan alimsomea Hittan al-Raqashi, aliyechukua kwa Abu Musa al-Ash'ari, na katika waliosoma kwa Hasan yumo Abu Amr bin al-Ala' wa Basra, mmoja wa wasomaji saba. Kisomo cha Abu Amr kwa riwaya ya ad-Duri ndicho kilichoenea Sudan na Somalia.

#34 Mkaguzi_wa_Tarehe

Abu Amr alikuwa na walimu wengi aliowasomea Hijazi pia: Mujahid, Said bin Jubayr, Ibn Kathir wa Makka. Kwa hiyo usimpe Hasan kisomo chote. Ukitaka kujua kipi kimetoka kwa nani, linganisha Abu Amr na Ibn Kathir kwanza, ondoa wanayokubaliana, kisha yaliyobaki yaweke mbele ya kisomo cha Hasan neno kwa neno. Anza na Baqara, nami nitaanza na Aal Imran.